Kupunguza Mzigo wa Kukumbuka: Mwongozo Kamili wa Kupanga Nyumba ya Familia

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi ya Jumatatu mtoto anaita kutoka chumbani, "Mama, sweta yangu iko wapi?" Kabla hajajibiwa, mdogo wake anauliza iliko brashi ya viatu, baba anapekua meza akitafuta funguo, na aliyeko jikoni anagundua kwamba kiberiti kimebaki na njiti moja. Nyumba hiyo huenda imefagiliwa vizuri na vyombo vyake vyote vimeoshwa tangu jana usiku. Kinachoisumbua ni kwamba mahali pa kila kitu panajulikana na mtu mmoja tu, na mtu huyo, ambaye katika familia nyingi ni mama, hujibu maswali tangu anapoamka hadi anapolala, kisha hushangaa kwa nini amechoka hata siku ambayo hakufanya kazi nzito.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya kazi hiyo isiyoonekana, kazi ya kukumbuka. Tabia zote zinazoelezwa hapa zina shabaha moja: kuitoa kumbukumbu ya nyumba kichwani mwa mtu mmoja na kuiweka ukutani, kwenye rafu, kwenye daftari na katika mazoea ya kila mwanafamilia, ili hata mama akienda msibani kwa siku tatu, watoto waende shule wakiwa na sare kamili na maji ya kunywa yasikosekane. Familia ninayoiwaza ni kama yangu: watu saba, yaani wazazi wawili, watoto wanne na bibi yao, katika nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu jijini Dar es Salaam, ambako maji ya bomba hutoka siku mbili kwa wiki na umeme hununuliwa kwa LUKU, yaani hulipiwa kabla ya kutumika. Mwenye nyumba kubwa zaidi au ndogo zaidi atabadilisha vipimo tu.

Hatua ya kwanza: Andika maswali ya nyumba kwa wiki moja

Watu wengi huanza kwa kununua. Huenda Kariakoo wakarudi na makopo ya plastiki, rafu ya viatu na vikapu vya rangi, na baada ya mwezi mmoja vikapu hivyo huwa vimejaa vitu ambavyo hakuna anayevijua. Usinunue chochote katika wiki ya kwanza. Tundika daftari dogo na kalamu jikoni, na kila mtu anapouliza swali lenye "iko wapi", "imekwisha lini" au "zamu ya nani", liandike kama lilivyoulizwa, pamoja na saa. Usimkemee aliyeuliza, kwa sababu ukimkemea ataacha kuuliza na ataanza kupekua, na utapoteza taarifa unayoihitaji.

Mwisho wa wiki yasomeni maswali hayo pamoja. Yatakuwa machache kuliko ulivyodhani, ila yanajirudia. Kwetu yalikuwa matano: funguo, soksi na sweta za shule, chaja ya simu, mkasi, na uniti zilizobaki kwenye mita ya umeme. Tuligundua pia kwamba karibu yote yaliulizwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, na hilo lilitufundisha kwamba kilichohitaji kurekebishwa ni jioni iliyotangulia. Maswali yenu yatakuwa tofauti, na ndiyo maana daftari lenu lina thamani kuliko orodha ya mtu mwingine, ikiwemo hii yangu. Anzeni na swali linaloongoza kwa kujirudia, hata kama linaonekana dogo.

Hatua ya pili: Punguza kabla ya kupanga

Chukueni Jumamosi moja na chumba kimoja. Toeni kila kitu nje, uani au kibarazani, kisha rudisheni ndani kinachotumika tu. Madumu yaliyotoboka, mifuniko isiyo na makopo, sare zilizombana mtoto tangu mwaka juzi, chaja za simu zisizokuwepo na magazeti yaliyowekwa kwa ajili ya kuwashia mkaa hula nafasi ambayo vitu vya kila siku vinaihitaji. Sare nzuri zilizobana zipelekwe kwa mwenye mtoto mdogo mapema, Novemba au Desemba, kabla shule hazijafunguliwa Januari, kwa kuwa wakati huo ndipo zinapomfaa.

Vitu vya wazee visiguswe bila ridhaa yao. Doti za kanga ambazo bibi amezitunza kwenye sanduku tangu ujana wake hazimzuii mtu kupita, na kumpunguzia mtu mzima vitu vyake kwa jina la mpangilio ni kumvunjia heshima. Mpe sanduku lake mahali pakavu, mbali na sakafu, na suala hilo liishie hapo.

Hatua ya tatu: Tengeneza mahali pa kutokea

Karibu na mlango wa kutokea pigeni misumari au ndoano za kutosha. Ndoano ya kwanza ni ya funguo, nayo isitundikwe kitu kingine chochote. Ya pili ni ya kikapu cha sokoni, kwa sababu tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, anayesahau kikapu hununua mfuko mbadala kila anapokwenda gengeni, na mifuko hiyo ikigeuka lundo nyuma ya mlango huwa fedha iliyopotea. Chini yake, kwa urefu ambao mtoto mdogo anaufikia, ziwe ndoano za mabegi ya shule, kila moja na jina au alama ya mwenyewe. Mtoto asiyejua kusoma achorewe samaki au ua. Viatu vikae chini ya mabegi hayo.

Urefu wa ndoano ni jambo linalodharauliwa. Tulipotundika mabegi kwa kimo chetu wazazi, watoto waliendelea kuyatupa sebuleni, nasi tuliwaita wakaidi. Tuliposhusha ndoano hadi kwenye kifua cha mtoto wa darasa la kwanza, ukaidi ule ulikwisha bila kelele.

Mtu anapoingia, ufunguo unatundikwa kabla hajakaa. Mtoto anaporudi, begi linatundikwa kabla hajavua sare. Ni sekunde chache tu, lakini lazima zianze na wazazi, kwa kuwa mtoto anayemwona baba akitupa funguo juu ya friji atajua kwamba ndoano ni pambo.

Hatua ya nne: Asubuhi iandaliwe jioni

Tengeni nusu saa baada ya chakula cha usiku, wakati televisheni imezimwa na kila mtu angali macho. Mtoto analeta begi lake mbele ya mzazi. Daftari linalohitaji saini linasainiwa hapohapo, kalamu inahesabiwa, na kazi ya nyumbani inathibitishwa kuwa imekwisha. Kisha sare ya kesho inapangwa kwa mfuatano wa kuvaliwa, yaani nguo za ndani juu kabisa, halafu shati, kaptula au sketi, soksi na sweta, zote juu ya kiti kimoja au kwenye hanga moja. Nauli ya kesho iwekwe kwenye kikopo kidogo karibu na ndoano za mabegi ikiwa tayari imechenjiwa, kwa maana asubuhi ndiyo saa ambayo duka la mtaani halina chenji.

Soksi zinastahili maelezo yake. Zinunuliwe za rangi moja na aina moja kwa watoto wote wa shule moja, ili soksi yoyote ioane na nyingine ya saizi yake. Kila mtoto mwenye umri wa miaka saba na kuendelea afue soksi zake anapooga jioni na kuzianika mwenyewe kwenye kamba ya ndani. Tabia hii moja ilifuta swali lililoongoza kwenye daftari letu.

Kupiga pasi kufanywe mara moja kwa wiki, Jumapili alasiri, kwa sare zote. Pasi hula umeme mwingi inapopata moto, na ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kukatika hula uniti moja kamili. Kuipasha moto mara tano kwa ajili ya shati mojamoja ni gharama isiyo na faida. Zaidi ya hayo, anayetegemea kupiga pasi alfajiri ameiweka asubuhi ya familia nzima mikononi mwa umeme, nao unaweza kukatika. Mtoto mwenye mashati mawili tu ya shule atafua moja katikati ya wiki, na shati lililokung'utwa vizuri likaanikwa kwenye hanga hukauka bila mikunjo mingi.

Kabla ya kulala, mtu mmoja aangalie mita ya umeme na kuandika uniti zilizobaki kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni yake. Namba ya mita, yenye tarakimu 11, iandikwe kwa kalamu ya wino mzito juu ya karatasi hiyohiyo na ihifadhiwe pia kwenye simu za watu wazima wote, ili yeyote mwenye fedha aweze kununua umeme hata akiwa kazini. Wekeni kiwango cha chini ambacho kikifikiwa umeme hununuliwa siku hiyo. Kwetu ni uniti kumi. Tochi na kiberiti vikae kwenye rafu moja inayofikiwa gizani, na kila mtu mzima aifikie mara moja akiwa amefumba macho ili mkono wake uijue njia.

Hatua ya tano: Maji

Katika nyumba ambayo bomba halitoi maji kila siku, mpangilio wote huanguka kama maji hayana utaratibu. Anzeni kwa kuhesabu. Familia yetu ya watu saba hutumia madumu mawili ya lita 20 kwa kunywa na kupika kila siku, takriban lita 100 kwa kuoga, na lita 60 kwa vyombo, choo na usafi mwingine, jumla lita 200. Maji hutoka Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo pengo refu ni la siku nne, na akiba inayohitajika ni lita 800. Tunazo katika mapipa matatu ya lita 200 na madumu kumi. Nguo nyingi hufuliwa siku ambayo bomba linatoa, ili akiba isiguswe. Kabla ya kufanya hesabu hii tulikuwa tukinunua maji ya mkokoteni karibu kila wiki, huku tukiamini kwamba tatizo ni uhaba wa vyombo, kumbe tulikuwa tukifua kwa maji ya akiba.

Maji yanapoanza kutoka, vyombo vijazwe kwa mpangilio usiobadilika: kwanza madumu ya kunywa na kupikia, kisha pipa la kuogea, mwisho pipa la choo na usafi. Bomba likikatika ghafla baada ya nusu saa, kilichokosekana kitakuwa kile kinachoweza kuvumilika. Madumu ya kunywa yatiwe alama, utepe mwekundu kwa mfano, na yasitumike kwa kazi nyingine hata siku moja. Chombo cha kuchotea kiwe na mkono mrefu na kitundikwe, kwa kuwa kikombe kinachoelea ndani ya ndoo hulazimisha vidole kuingia majini. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote vizuri au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, kisha yafunikwe.

Kuna sababu nyingine ya kuyapa mapipa ratiba, na sababu hiyo ni homa ya dengi, ambayo ilizuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wa aedes wanaoieneza hupenda maji yaliyotulia karibu na watu, hasa ndani ya mapipa, ndoo na matairi. Hutaga mayai kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa maji yanapoyafikia. Kumwaga maji peke yake hakuyaondoi. Kwa kuwa yai huchukua takriban siku saba hadi kumi kuwa mbu kamili, kila pipa lisuguliwe ndani kwa brashi mara moja kwa wiki na liwe na mfuniko unaobana. Tunafanya hivyo alfajiri ya siku ya maji, mapipa yanapokuwa karibu matupu.

Hatua ya sita: Jiko na stoo

Jiko ligawanywe kwa kazi. Vitu vya kupikia chai vikae pamoja: majani, sukari, tangawizi, chungio na vikombe. Vitu vya ugali vikae pamoja: unga, mwiko na sufuria yake. Mtoto aliyeagizwa apike chai asitembee kati ya makabati matatu. Jaribio lake ni rahisi: mwombe mgeni apike chai bila kuuliza chochote, na uhesabu milango aliyoifungua.

Vyakula vikavu vihamishwe kutoka kwenye viroba na kuwekwa kwenye makopo au ndoo zenye mifuniko inayobana, zisizogusa sakafu wala ukuta wenye unyevu. Kila mnunuapo, unga wa zamani umwagwe kwenye bakuli kwanza, chombo kifutwe na kukaushwa, unga mpya utangulie kuingia, kisha wa zamani urudishwe juu ili utumike mapema. Ambaye humwaga mpya juu ya wa zamani kila mwezi ana unga wa mwaka jana chini ya ndoo yake, na huko ndiko fukusi wanakoanzia. Wanaopokea mahindi kutoka kijijini wahakikishe yamekauka kabisa kabla ya kuyafungia, kwa sababu nafaka yenye unyevu huota ukungu unaoweza kutoa sumukuvu, sumu iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nafaka yenye ukungu itupwe. Kuiosha au kuipika hakuondoi sumu hiyo.

Ndani ya mlango wa kabati bandikeni karatasi ya manunuzi. Kanuni yake ni kwamba anayefungua kifurushi cha mwisho ndiye anayeandika, papo hapo, bila kusubiri kiishe. Hivyo kiberiti, chumvi na sabuni huandikwa vikiwa bado vipo, na anayekwenda dukani huipiga picha karatasi kwa simu badala ya kupiga simu nyumbani kuuliza. Kwa wenye kipato cha kila siku, ambao hawawezi kununua kwa mwezi mzima, karatasi hii inafaa zaidi, kwa kuwa kununua kwa kupima bila orodha humfanya mtu arudi dukani mara tatu kwa siku.

Mtungi wa gesi uandikwe tarehe uliyowekwa kwa chaki au utepe. Baada ya mitungi mitatu utajua kwamba wa kilo 6 kwenu hudumu siku ngapi, na wiki moja kabla ya siku hiyo fedha yake iwe imetengwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni. Mtungi ukae mahali penye hewa, na kila ubadilishwapo maungio yapakwe povu la sabuni kuona kama kuna mapovu yanayovimba. Usitumie moto kukagua.

Jambo la mwisho la jikoni ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Mafuta ya taa, dawa ya kufulia madoa, sumu ya panya na asidi ya chooni visiwekwe kamwe ndani ya chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu haangalii rangi wala hanusi, anaijua chupa. Vitu hivi vibaki katika vyombo vyake vya asili, juu, ndani ya kabati linalofungwa. Ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa, asitapishwe, kwa kuwa mafuta yanaporudi huweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Hatua ya saba: Karatasi za familia

Mwaka tulipotaka kumwandikisha mtoto wetu wa kwanza darasa la kwanza, cheti chake cha kuzaliwa hakikuonekana. Tulitafuta siku mbili, kabatini, kwenye mikoba, ndani ya vitabu vya dini, hadi bibi yake alipokumbuka kwamba mimi mwenyewe nilimpa akiweke chini ya godoro wakati wa mvua za masika. Kilikuwa kimekunjika na kuota ukungu pembeni. Tangu siku hiyo karatasi zetu zina nyumba yake.

Nunueni faili moja lenye mifuko ya plastiki ndani. Mfuko wa kwanza wa kila mtu uwe na cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na nakala zake mbili. Unaofuata uwe na kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA, yenye tarakimu 20, kadi ya bima ya afya, vyeti vya shule na matokeo. Kadi ya kliniki ya mtoto mdogo ikae mbele kabisa, kwa maana huitwa mara kwa mara: baada ya chanjo za kuzaliwa, mtoto hurudi wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua na rubela. Tarehe hizo ziandikwe kwenye kalenda ya ukutani siku kadi inapotolewa, na mzazi asingoje kukumbushwa na maumivu ya dhamiri. Kisha iwepo mifuko ya nyumba: mkataba wa pango, risiti za kodi, stakabadhi za ada na dhamana za vifaa.

Faili liwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, juu ya kabati, mbali na dirisha, na watu wazima wote walijue. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huingiza maji katika nyumba nyingi za mabondeni, na faili hilo ndilo linalobebwa kwanza. Pigeni picha kila karatasi na kuzihifadhi kwenye simu mbili tofauti. Anayetoa cheti kwenda kutoa kopi aache kipande cha karatasi mahali pake chenye jina lake na tarehe. Cheti kisichorudi ndani ya siku tatu kinaulizwa kwa jina.

Hatua ya nane: Kisanduku cha dawa

Hatua hii ni fupi. Kisanduku kiwe kimoja, kimefungwa, juu ya kimo cha mtoto. Ndani yake ziwemo pamba, bandeji, kipimajoto, dawa ya maumivu yenye kipimo cha watoto, na pakiti za ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha, ambazo mara nyingi huchanganywa na lita moja ya maji safi, na kilichobaki baada ya saa 24 humwagwa. Kila tarehe mosi ya Januari na Julai, muhula unapokaribia kuanza, someni tarehe za mwisho wa matumizi. Mabaki ya dawa alizoandikiwa mtu mmoja asipewe mwingine.

Hatua ya tisa: Kugawa kazi kwa haki

Mpangilio ukibaki kazi ya mama, basi kumbukumbu haijahama popote. Jumapili jioni, baada ya kupiga pasi, kaeni dakika ishirini. Karatasi moja ukutani iwe na siku saba na majina, na kila jina liwe na kazi kamili kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Kusaidia jikoni" si kazi, kwa kuwa mama ndiye atakayeendelea kukumbuka kipi kisaidiwe. Kuosha vyombo vya usiku, kufuta meza, kufunika mabaki ya chakula na kutoa taka ni kazi moja yenye mwenyewe.

Mtoto wa miaka minne anaweza kupanga viatu na kukunja kanga ndogo. Wa miaka saba anaweza kufagia chumba, kutandika kitanda na kufunga chandarua asubuhi. Wa miaka kumi anaweza kupika wali akiwa na mtu mzima karibu. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20 likiwa limejaa, hivyo asibebeshwe mtoto mdogo. Mpe vidumu vya lita 5. Wavulana na wasichana wapangiwe kazi zilezile kwa zamu. Katika nyumba nyingi kaka hulala huku dada yake akiosha sufuria, na dhuluma hiyo hukua pamoja nao.

Baba naye awe na jina kwenye karatasi, na kazi yake iwe ya kudumu kama ya wengine. Baba watoto alichukua maji na umeme, yaani ratiba ya bomba, kusugua mapipa na uniti za mita. Siku aliposahau kununua umeme, tulikaa gizani usiku mmoja na sikumkumbusha, jambo lililokuwa gumu kwangu kuliko kwake. Kwa wenye dada wa kazi, karatasi hiyo inamlinda yeye pia: inaonyesha kazi zake zinaishia wapi, saa yake ya kupumzika ni ipi, na kwamba kutandika vitanda vya watoto wakubwa si wajibu wake.

Kuanza, na kuanza tena

Msianze hatua zote pamoja. Chukueni tabia moja, muikalie wiki tatu, na mwongeze nyingine pale ambapo ya kwanza inafanyika bila mtu kukumbushwa. Kwa mwendo huo mtamaliza kwa takriban miezi sita.

Utaratibu utavunjika, na kwa kawaida huvunjwa na mambo ya kheri au ya majonzi ambayo hayana budi: mwezi wa Ramadhani unapobadilisha saa za kula, sikukuu zinapoleta wageni kumi kutoka mkoani, mtoto anapolazwa, au msiba unapoifanya nyumba kuwa ya ukoo mzima. Wakati huo wa wageni, ongezeni ndoano mbili mlangoni, wapeni kikapu kimoja cha vitu vyao, na mwambieni shangazi au mjomba madumu yenye utepe mwekundu ni ya nini. Mengine yaacheni. Wageni wakishaondoka, msijaribu kurejesha kila kitu kwa siku moja. Rudisheni maji siku ya kwanza, sare na mabegi siku ya pili, karatasi ya manunuzi siku ya tatu. Stoo inaweza kusubiri hadi Jumamosi.